Tamko la Wenye Mashine na Mafundi Mitambo wa Bendera kuhusu Uainishaji wa Vipuri katika Forodha

Sisi wenye mashine za kusaga, wakamuaji wa mawese na mafundi mitambo wa Bendera, Teritware ya Kalemie, Jimbo la Tanganyika, tumekutana, tumejadiliana na tumekubaliana kutoa tamko hili. Tunalielekeza kwa Kurugenzi Kuu ya Forodha na Ushuru wa Bidhaa (DGDA), Wizara ya Fedha, Serikali ya Jimbo, wabunge wetu, na kila raia anayekula kwa jasho la mashine.

1. Kwa nini tunasema

Bendera inajulikana kwa umeme. Kituo cha mto Kyimbi, kilichojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950 na chenye uwezo wa megawati 17.2, ndicho kilichowasha taa za Kalemie na kukiendesha kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Hatusemi kwa niaba ya SNEL, shirika la umeme la taifa linalokisimamia. Lakini aliyekua jirani na kituo kile anajua kwamba maji peke yake hayazungushi turbini. Mtambo wa umri ule unadumu kwa vipuri, na kinu cha mahindi na mashine ya mawese ni vivyo hivyo. Mashine inanunuliwa mara moja, vipuri vinanunuliwa maisha yake yote. Kwa hiyo ushuru wa vipuri unaishia kwenye bei ya debe la unga na chupa ya mafuta.

Vipuri vyetu vingi hushushwa Dar es Salaam, hupanda reli hadi Kigoma, huvuka Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kalemie, kisha huifuata barabara ya kaskazini zaidi ya kilomita 100 mpaka hapa. Safari yote hiyo inaweza kukwama kwa swali moja: mbele ya sheria, kitu hiki ni nini?

2. Sheria inavyoagiza

Jibu la swali hilo limekwisha kuandikwa. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, HS, ulipitishwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za kwanza za kila namba ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia, zikiwemo Tanzania na Kongo. Mashine zimewekwa katika sura ya 84 na 85, na maelezo ya sehemu hiyo yanaonyesha vipuri vitazamwe kwa utaratibu gani.

Kwanza huondolewa vile ambavyo sheria yenyewe imeviweka nje ya sura hizo. Mkanda wa mpira huenda 4010, sili ya mpira huenda 4016, boliti na nati za chuma huenda 7318. Pili, kipuri chenye namba yake hubaki nayo, hata kikifungwa kwenye mashine yoyote: vali ni 8481, beringi ni 8482, shafti na gia ni 8483. Tatu, kipuri kisicho na namba yake, kilichotengenezwa kwa ajili ya mashine fulani tu au hasa kwa ajili yake, huifuata mashine hiyo. Skrubu kubwa ya kukamulia mawese hufuata mashine ya kukamua mafuta, 8479.90. Pangaboi la turbini ya maji ni 8410.90. Humo humo huingia gavana inayodhibiti mwendo wa turbini, kwa kuwa sheria imeitaja wazi, ijapokuwa kwa macho inafanana na chombo cha kupimia. Kinachosalia bila pa kwenda, kama si cha umeme, ndicho hupelekwa 8487.

Sasa lifungueni sanduku moja la matengenezo ya mashine ya mawese. Ndani mna skrubu ya kukamulia, beringi mbili, mkanda na pakiti ya boliti. Ankara imeandikwa “vipuri vya mashine” na kukomea hapo. Kisheria sanduku hilo lina namba nne. Likipewa namba moja, serikali itapoteza au mwagizaji ataonewa.

3. Hesabu yake

Ushuru wa kuingiza bidhaa Kongo umejengwa juu ya viwango vya asilimia 5, 10 na 20. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe. Kwa mzigo wa dola 1,000, kiwango cha 5 kinazaa dola 218 za ushuru na kodi kwa pamoja. Kiwango cha 10 kinazaa 276, na cha 20 kinazaa 392. Kati ya juu na chini kuna dola 174, kabla ya gharama za ghala na za kusubiri. Mwenye kinu kimoja asiyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hana pa kuidai, na kusubiri kwake maana yake ni mama kutembea na mahindi yake hadi kijiji kingine.

4. Msimamo wetu

Hatuombi msamaha wa ushuru, na tamko hili halimshitaki ofisa wala ofisi yoyote. Tunataka kipuri kipewe namba inayostahili, na namba hiyo ijulikane kabla fedha haijatoka mfukoni.

5. Madai yetu

a) Mwagizaji apewe uamuzi wa maandishi kuhusu namba kabla mzigo haujasafiri, na uamuzi huo uheshimiwe mzigo ukifika. Mkataba wa kurahisisha biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, umeuweka utaratibu huu katika kifungu chake cha 3.

b) Maamuzi hayo yabandikwe ofisini Kalemie, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili mdogo na mkubwa wayasome.

c) Ofisa anayebadilisha namba aandike ni kanuni gani aliyoifuata, na mzigo uachiliwe kwa dhamana wakati rufaa inasikilizwa.

d) Itayarishwe orodha ya vipuri vya kawaida vya vinu, majenereta na mashine za mafuta. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na ushuru wa pamoja wa jumuiya hiyo una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Kongo ikianza kuutumia ushuru huo, umbali kati ya namba sahihi na namba isiyo sahihi utakuwa mkubwa kuliko wa leo.

6. Ahadi zetu

Kila mwanachama ataleta ankara inayotaja kipuri kimoja kimoja: jina, malighafi, mashine kinakofungwa na namba ya mtengenezaji, pamoja na picha au ukurasa wa katalogi. Tutalipa kinachostahili, kwa risiti. Atakayeshawishiwa kutumia namba ya uongo ili alipe kidogo hatatetewa na umoja huu.

Tunaiomba DGDA ipange kikao nasi Kalemie, pamoja na mawakala wa forodha na wenye viwanda. Tutakuja na vipuri vyenyewe, tuviweke mezani, na kila kimoja kipewe namba yake mbele ya wote.

Limetolewa Bendera, Teritware ya Kalemie, Jimbo la Tanganyika, na Kamati kwa niaba ya wanachama wote.