Usipande Basi Adra

Kitabu cha mwongozo nilichosafiri nacho kilikuwa kizuri kwa mambo mengi. Kilinionyesha pa kulala, kikanionyesha mlima upi unapandika na upi unaharibu magoti, hata fundi wa baiskeli alipo. Lakini kilipofika pwani ya kusini-mashariki ya Hispania, kwenye kipande cha kati ya Adra na Almería, kikakata maneno. Kilisema kwa mistari miwili kwamba hapo hakuna cha kuona, upepo ni mkali na malori ni mengi, kwa hiyo msafiri apande basi. Kisha kikajaza kurasa mbili nzima kuhusu jangwa la Tabernas, kule walikopigia filamu za makauboi miaka ya 1960.

Ushauri huo si wa kitabu kimoja. Jioni moja mjini Motril nilikaa meza moja na wasafiri wenzangu wa baiskeli, Wajerumani na Waingereza, watu wema waliochoka kama mimi, na wote wakanihimiza nikiruke kipande hicho. Mmoja alikuwa na ratiba ya basi mfukoni. Niliwashukuru. Hapa nataka kuwajibu kwa kirefu zaidi kuliko nilivyoweza usiku ule, kwa sababu naamini ushauri wao ni mbaya, na ubaya wake hauishii kwenye baiskeli.

Tuanze na upepo, maana ndio unaotangulizwa kama sababu. Pwani ile ina pepo mbili kubwa: levante, unaotoka upande wa mawio ya jua, na poniente, unaotoka upande wa machweo. Majina yenyewe maana yake ni hiyo hiyo, mawio na machweo, sawa na maneno yetu mashariki na magharibi tuliyoyapata kwa Waarabu. Wao wameupa upepo jina la upande wa dunia. Sisi tulifanya kinyume: tuliipa pande mbili za dunia majina ya pepo, tukasema kaskazini kwa sababu ya kaskazi na kusini kwa sababu ya kusi. Mtu aliyekulia katika lugha ya namna hiyo hana haki ya kuuchukulia upepo kama ajali ya barabarani. Upepo ni sehemu ya mahali, kama mlima ulivyo, na hakuna mwongozo unaomwambia mtu aende Uswisi lakini ajihadhari na milima.

Siku yangu ulivuma levante, nami nilikuwa naelekea mashariki. Yaani usoni kabisa. Ni yapata kilomita 55, karibu zote tambarare, mwendo wa asubuhi moja kwa mtu asiye na haraka. Mimi ulinichukua saa saba. Kizuizi cha hewa hakikui sambamba na kasi, hukua kwa mraba wake: kasi ya hewa inayokupiga ikiongezeka maradufu, mzigo unakuwa mara nne. Nilikanyaga pedali kwa gia ya kupandia milima kwenye ardhi iliyo bapa kama meza, mifuko miwili ya keria ikishika upepo kama matanga yaliyowekwa kinyume. Kupumzika hakukuwapo, kwa sababu kwenye upepo wa mbele hakuna mteremko. Ukiacha kukanyaga unasimama. Na palipo na uwazi upepo ulinijia ubavuni ghafla, nikasukumwa hadi kwenye mchanga wa kando. Lori likinipita, kwa nukta moja lilinikinga na upepo nikalielemea, kisha likanirudishia upepo wote kwa mkupuo. Sikuja hapa kudai kwamba ilikuwa raha.

Lakini nilikwenda polepole, na kwenda polepole ndiko kulikonionyesha kile ambacho kitabu kilisema hakipo.

Uwanda ule, unaoitwa Campo de Dalías, umefunikwa plastiki kutoka miguu ya milima hadi ufukweni. Ni mabanda ya kilimo, vitalu vilivyoezekwa kwa karatasi ya nailoni nyeupe, kimoja kikishikana na kingine hata njia kati yake zinafanana na vichochoro vya mji usio na nyumba. Katika mkoa mzima wa Almería yamefika zaidi ya hekta 30,000, na wenyewe huiita bahari ya plastiki. Humo hutoka nyanya, pilipili hoho, matango, biringanya na tikiti zinazokwenda Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Uingereza katikati ya baridi kali, wakati mashamba ya huko yamelala chini ya barafu. Wasafiri wale wa Motril, kama wamekula saladi mwezi wa Januari, basi yaelekea wamekula Campo de Dalías. Ndiyo sababu naona neno "hakuna cha kuona" si maelezo ya mandhari. Ni namna ya mlaji kuombwa asiangalie jikoni.

Siku ya shwari pengine ningepita nisisikie kitu. Siku ya levante kila kitu kinasema. Upepo ukishapenya chini ya ukingo mmoja wa karatasi, paa zima huanza kupigapiga kama tanga lililokatikiwa na kamba, na sauti hiyo nilikuwa nayo kutwa. Plastiki ya paa huchoka kwa jua na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Ya zamani hupaswa kukusanywa na kusindikwa upya, na nyingi hukusanywa. Ile isiyokusanywa niliiona mimi: imenasa kwenye seng'enge, imening'inia kwenye matete, inavuka barabara kwa kujiviringisha. Kipande kimoja kilijisokota kwenye mnyororo wangu, nikakaa dakika kumi kukikata kwa kisu. Kinachobaki huingia kwenye makorongo makavu, wanayoyaita rambla, kisha mvua ya ghafla hukipeleka baharini.

Mwaka 2012 nyangumi wa mita kumi, wa ile jamii ya wenye meno, alikutwa amekufa pwani ya Castell de Ferro, upande wa magharibi wa Adra. Waliompasua walikuta tumboni karibu kilo 17 za plastiki: karatasi za kuezekea mabanda, kamba, vipande vya mpira wa kumwagilia, hata vyungu vya maua. Tumbo lilikuwa limeziba likapasuka. Castell de Ferro, msomaji, ndipo mwongozo wangu uliposifu ghuba tulivu ya kuogelea.

Sasa nije kwa watu, ambao ndio hasa wananifanya niandike.

Karibu na Balerma niliwakuta wanaume watatu wakija upande wangu kwa baiskeli, kwa hiyo wao walikuwa na upepo mgongoni. Baiskeli zao zilikuwa za zamani, moja haina breki ya mbele, na nyingine imefungwa ndoo nyuma pale ambapo mimi nilifunga hema. Walisimama, nadhani kwa sababu nilikuwa Mwafrika niliyevaa kofia ngumu na kaptura ya kubana, jambo ambalo hawakulizoea. Mmoja, mtu wa Mali, aliniuliza kwa Kihispania:

"Kaka, unatoka wapi?"

"Motril. Leo nimetokea Adra."

"Na upepo huu?"

"Na upepo huu."

"Nani anakulipa?"

Nikamwambia hakuna anayenilipa. Akawageukia wenzake akawatafsiria, wakacheka mpaka mmoja akaegemea usukani. Kisha akanieleza kwamba wao wanarudi nyumbani mapema: walikuwa wamefuata kibarua, wakaambiwa leo hakuna, na asiyeingia kazini halipwi. Akanipa chungwa.

Kwetu tunaijua baiskeli hiyo. Tumeiona ikibeba mkaa, maziwa, na mgonjwa akipelekwa zahanati. Kwamba baiskeli inaweza pia kuwa burudani ni jambo jema na mimi nalifurahia kwa miguu yangu yote miwili. Kinachonikera ni kwamba barabara moja, upepo mmoja, wapanda baiskeli wawili, na mmoja tu kati yao ndiye anayehesabiwa kuwa yupo. Sheria ya Hispania inamtaka dereva aache angalau mita moja na nusu anapompita mwenye baiskeli, na inamtaka mwenye baiskeli, usiku nje ya mji, awe na taa na vazi la kung'aa linaloonekana umbali wa mita 150. Sheria haikusema ni mwenye baiskeli wa aina gani. Lakini kitabu kikiandika kwamba barabara hii haifai kwa baiskeli, wakati mamia huipita kwa baiskeli alfajiri na jioni kwenda kuchuma mboga, kimekwisha kuamua nani ni mpanda baiskeli na nani ni sehemu ya barabara.

Mambo haya yana historia, na si ya siri. Mwezi Februari 2000, baada ya mwanamke kijana kuuawa na mhamiaji mmoja, baadhi ya wakazi wa El Ejido waliwashambulia Wamoroko kwa siku tatu, wakachoma nyumba, wakavunja maduka na misikiti. Wafanyakazi walijibu kwa mgomo, na kwa siku chache Ulaya ikakumbushwa mikono inayochuma pilipili zake. Januari 2023, upande wa pili wa mji wa Almería, katika wilaya ya Níjar, kijiji cha vibanda kilichoitwa Walili kilibomolewa kwa matingatinga. Vibanda hivyo vilijengwa kwa nini? Kwa plastiki ya mabanda na mbao za kubebea mboga.

Wapo watakaoniambia kwamba nawaonea wakulima. Hapana. Katika miaka ya 1950 mkoa ule ulikuwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa ya Hispania, na vijana wake walikwenda Ujerumani na Barcelona kutafuta kazi zile zile ambazo leo Wamali wanazifuata kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo majaribio ya plastiki yalipofanyika Roquetas, juu ya ujuzi wa wenyeji wa kutandaza mchanga juu ya samadi ili unyevu usipotee, na kwa nguzo na waya zilizokuwa zikishika mizabibu. Mabanda mengi ni ya familia zenye hekta mbili au tatu na deni la benki. Bei ya nyanya haipangwi Balerma. Hasira yangu inakwenda mbali zaidi, kule bei inakopangwa na kitabu cha mwongozo kinakonunuliwa.

Wengine watasema, na hili ni zito zaidi, kwamba kupita ili kutazama shida za watu ni utalii wa shida, na bora basi. Nakubali nusu yake. Aliyekuja na kamera ya kupigia picha vibanda vya wenzake na apande basi, tena akae dirisha la upande wa baharini. Lakini mtu anayekokota baiskeli kwa kilomita nane kwa saa dhidi ya levante hatazami. Yeye ndiye anayetazamwa. Wale watatu walinichunguza mimi kuliko nilivyowachunguza wao, wakanicheka, na walikuwa na haki.

Na hatari? Ipo, nimeieleza. Basi na iandikwe kama hatari, pamoja na madai ya njia ya pembeni ya baiskeli, kwa faida ya wote wanaopita hapo. Inashangaza jinsi wasafiri wapenda mazingira wanavyoweza kukusimulia kwa ghadhabu juu ya lile hoteli la Algarrobico huko Carboneras, ghorofa 21 zilizojengwa ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata, ambalo mahakama ililisimamisha mwaka 2006 kabla halijafunguliwa. Ghadhabu hiyo ni ya haki. Lakini ni rahisi kulichukia hoteli ambalo hujawahi kulala, kuliko kuuliza habari za nyanya uliyokula jana.

Toleo lijalo la kitabu hicho, kama mhariri ana nafasi, lingeweza kuondoa ile mistari miwili na kuweka hii. Adra hadi Almería, kilomita 55, tambarare. Poniente ukivuma utafika kabla ya chakula cha mchana; levante ukivuma, hesabu saa saba na uondoke kabla jua halijachomoza. Balanegra hadi Almerimar fuata barabara ndogo za karibu na bahari, uiachie malori njia kuu. Beba kisu cha kukatia plastiki kwenye mnyororo. Alfajiri utakutana na watu wengi kwa baiskeli, baadhi hawana taa. Washa yako, punguza mwendo, salimia. Maji na chakula utapata Balerma na Almerimar. Kipande cha mwisho, kutoka Aguadulce, kinapita kando ya majabali juu ya bahari, na hapo upepo hukusanyika: shuka, sukuma kwa miguu.