Mpe Nyoka Ardhi ya Kujificha

WANYAMA NA SISI
Na Zuhura Mbaraka

Boa wa mchangani wa Kenya ni nyoka mfupi, mnene, mwenye mabaka ya kahawia juu ya ngozi ya rangi ya chungwa. Kwao ni nchi kame za Kenya, kaskazini mwa Tanzania, Somalia, Ethiopia, hadi Misri. Wengi wetu hatujawahi kumwona, maana mchana kutwa amejifukia, macho na pua tu ndivyo vilivyo juu, anavizia panya au mjusi apite. Marekani na Ulaya yeye ni nyoka wa sebuleni. Watu humfuga katika sanduku la kioo, na wengi wa nyoka hao wamezaliwa huko huko.

Wapo wasomaji wanaolea watoto ughaibuni, na mtoto akishaomba nyoka, mzazi huuliza kwanza kama ana sumu, kisha anakula nini. Swali la kitu cha kumtandikia huja mwisho kabisa, na mara nyingi anayelijibu ni muuza duka. Mimi naliweka mbele. Mbwa hutoka nje na paka hupanda kiti, lakini nyoka wa kufugwa maisha yake yote yako juu ya hayo matandazo. Tumbo limeyagusa na pua iko karibu nayo usiku na mchana. Tena nyoka hana kiwambo kama chetu cha kumsaidia kukohoa, hivyo uchafu ukishaingia mapafuni kuutoa ni kazi kubwa.

Kwa hiyo tuanze na maranda, ambayo kila mfuga kuku anayajua. Si maranda yote yanafaa. Ile harufu nzuri ya mwerezi inatokana na mafuta ya mti, na mafuta hayo huwasha na kudhuru njia ya hewa ya nyoka. Paini mbichi nayo ni ya kuepukwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtarakwa wetu wa milimani, unaonukia karakana nzima seremala akiupiga randa, nisingeuweka chini ya nyoka hata kwa siku moja. Na maranda ya kuzoa karakanani huwezi kujua yamechanganyika na mbao gani, wala zilipakwa dawa gani. Yaliyozoeleka kwa usalama ni ya mti wa aspeni, usio na harufu kali. Ni mepesi na makavu, na nyoka akichimba njia ndani yake, njia haiporomoki. Boa wa mchangani yanamfaa sana, yakitandazwa kwa kina cha sentimita 8 hadi 10 ili apate kuzama mwili mzima. Lakini yakilowa huota ukungu, na hapo hayana budi kutupwa.

Ugumu unakuja kwa yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye husafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kuuzwa ng'ambo. Mnunuzi akisikia anatoka nchi ya nyasi na jua kali, humtandikia vitu vikavu na kuona amemtendea haki. Kumbe huko kwao chatu huyu hashindi juani. Mchana huingia katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na humo ndani kuna unyevu ambao hewa ya nje haina. Anahitaji unyevu wa asilimia 60 au zaidi. Akiukosa, utaona siku ya kujivua gamba. Macho hugeuka kijivu chenye ubuluu, kisha yanang'aa tena, na siku chache baadaye gamba hutakiwa kutoka zima, kuanzia midomoni hadi mkiani, likipinduka ndani nje kama soksi. Gamba la aliyekaa pakavu hutoka vipandevipande, na ngozi ya juu ya jicho inaweza kung'ang'ania pale pale. Asiyejua huivuta kwa vidole na kumjeruhi.

Dawa ya hilo watu wa pwani wanaijua: makumbi ya nazi. Nyuzi zile zile ambazo wanawake wa Unguja husokotea kamba za usumba, na vumbi lake, huuzwa katika maduka ya wanyama zikiwa zimeshindiliwa kama matofali. Unaliloweka tofali katika maji, linafumuka, kisha unalikamua. Chukua konzi moja uifinye: yakishikamana bila kudondosha tone, yako sawa. Yakichuruzika, maji ni mengi mno, na nyoka anayelala kwenye majimaji huota malengelenge tumboni na magamba kuoza. Kumpa unyevu si kumlaza kwenye tope.

Wapo wanaotandika karatasi tupu, na sababu zao zina uzito. Karatasi ni rahisi, choo kinaonekana mara moja, na utitiri wa nyoka huonekana kama vidoa vyeusi vinavyotembea juu ya weupe. Kwa nyoka mgeni au mgonjwa, mimi pia ningetandika karatasi. Wafugaji wakubwa hufuga hivyo miaka nenda miaka rudi, na nyoka wao hula na kuzaa. Nakubali. Lakini kula na kuzaa ni kiwango cha chini mno cha kumpimia mnyama. Boa aliyezaliwa katika sanduku bado husukuma pua chini akitafuta mahali pa kuzama, na karatasi haimpi.

Mchanga wa rangi unaouzwa kwa mapambo, hasa ule wa chokaa, sishauri. Ukimezwa pamoja na chakula unaweza kugandamana na kuziba utumbo. Na popote unapotandaza kwa kina juu ya mkeka wa umeme unaompasha nyoka joto, weka kidhibiti joto, kwa sababu nyoka anayechimba atafika hadi kwenye kioo chenyewe na kuungua tumbo.

Kwa walio nyumbani, nyoka wa porini si wa kuokota na kutia ndani. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013 zinataka kibali. Hata hivyo jambo hili linatuhusu, kwa kuwa tunawatazama nyoka Meserani nje ya Arusha, katika bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Nairobi, na Watamu. Mgeni aliyelipa kiingilio anataka kumwona nyoka, na penye shinikizo hilo ni rahisi mwenye kituo kupunguza matandazo ili asiwe na pa kujificha. Sisi wageni tunaweza kuliondoa shinikizo hilo. Ukikuta sanduku lina udongo wa kutosha, magome na majani makavu, na nyoka haonekani, usigonge kioo wala usidai pesa yako. Mwambie mhudumu kwamba wamefanya vizuri. Na wewe uliye ughaibuni, mwanao akikulalamikia kwamba nyoka wake hajitokezi, mwambie ajifunze kumsubiri, na usiguse yale matandazo.