Paneli moja pande nne: huo si usanifu, ni kopi na pesti

Najua wengi wenu mko kwenye mikesha ya juri na usingizi mnausikia kwa jirani, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Huu mtindo wa kutengeneza paneli moja nzuri kwenye Revit, halafu kuizungusha jengo zima pande zote nne kama unalifunga kitenge, mimi naupinga. Naupinga hata kama unaleta alama.

Nieleweke vizuri: sina ugomvi na kurudia. Zile tofali za matundu kwenye ngazi za maghorofa ya zamani ya Upanga na Kariakoo ni kurudia kutupu. Kalibu moja, tofali mamia, upepo unapita, jua kali linakatwa. Ugomvi wangu ni na sisi tunaorudia bila kuiuliza paneli inafanya kazi gani pale ukutani.

Tuanze na jua, maana ndilo mteja wa kwanza wa fasadi. Dar iko kama digrii 6.8 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la mchana kwetu halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba linapita kaskazini, miezi iliyobaki linapita kusini. Tarehe 21 Juni, likiwa juu kabisa, linasimama kama digrii 60 upande wa kaskazini. Tarehe 21 Desemba ni kama 73 upande wa kusini. Lakini saa kumi na moja jioni mwezi Machi liko kama digrii 20 tu, linakuangalia usoni kutoka magharibi.

Sasa chukua paneli yako yenye bapa la mlalo lililotokeza sentimita 30. Hesabu ni ile ile ya sekondari: kina mara tanjenti ya pembe ya jua. Kusini, mchana wa Desemba, kivuli kinashuka karibu mita 1. Kaskazini, mchana wa Juni, kinashuka sentimita 52. Magharibi jioni? Sentimita 11. Kumi na moja, jamani! Dirisha lote lililobaki chini liko wazi kama uwanja wa mpira. Paneli ni ile ile, saruji ni ile ile, gharama ni ile ile, ila upande mmoja inafanya kazi na upande mwingine ni bangili tu.

Na jengo la muhula huu si makumbusho, ni hosteli. Aliyepangiwa chumba cha magharibi anatoka darasani jioni, anakuta godoro limeshachomwa na jua. Kuna mtu aliniambia "si ataweka kiyoyozi". Sawa kaka, na LUKU atanunua nani? Boom la nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunafundishana hivi. Kwenye juri moja muhula huu mwenzetu aliweka mapezi ya wima yaliyolala kwa pembe upande wa magharibi, na mabapa ya mlalo kusini na kaskazini. Akaambiwa jengo lake halina umoja. Aliyesifiwa siku hiyo ni wa pande nne sawasawa, picha za renda zinang'aa, anga la zambarau, na ndege wanaruka. Hakuna aliyeuliza kaskazini ya jengo iko wapi.

Cha ajabu, picha tunazobandika ukutani studio zinatupinga wenyewe. Institut du Monde Arabe ya Paris, kazi ya mwaka 1987 ambayo Jean Nouvel alishiriki, ina paneli 240 za chuma zenye matundu ya kufunguka na kufunga kama lenzi ya kamera. Ziko uso wa kusini, hazikuzungushwa jengo zima. Al Bahar Towers za Abu Dhabi, zilizokamilika 2012, zina mashrabiya zaidi ya 1,000 kwa kila mnara, zinajikunjua kufuata jua. Upande wa kaskazini zimeachwa, kwa sababu kule jua la kaskazini si tatizo kubwa. Sisi tunachukua umbo la ile paneli, tunaacha sababu yake.

Sasa tuje kwenye Revit yenyewe, maana uvivu unaanzia pale. Wengi mnachora paneli kama mchoro wa kawaida, mnaifanya kundi, mnapiga arei mara mia tatu. Laptopu inaanza kuhema kama bodaboda inapanda mlima. Kesho mwalimu akisema punguza tundu, unahangaika upya usiku kucha. Njia ya haki ni ukuta wa pazia: ukuta usiobeba mzigo, uliogawanywa kwa gridi. Paneli unaitengeneza kama familia moja, unaipa parameta ya kina na parameta ya pembe, halafu unatoa aina tatu: kusini, kaskazini, na mashariki-magharibi. Ukibadili namba moja, paneli zote za aina hiyo zinafuata. Jedwali linakuhesabia ni ngapi. Kisha weka eneo la mradi kuwa Dar es Salaam, weka kaskazini halisi, washa jua, uangalie kivuli kabla ya kuanza kupamba.

Halafu vipimo. Ukuta una mita 22.4, mtu anaweka gridi ya mita 1.2. Anapata paneli 18 na kipande cha sentimita 80 kimebanwa kwenye kona. Akiona aibu anabadili mpangilio ili nafasi isizidi 1.2, programu inamgawia paneli 19 za milimita 1,179. Kwenye skrini safi kabisa. Sasa nenda kamwambie fundi achonge kalibu ya 1,179 uone atakavyokutazama. Moduli ya mita 1.4 ingeingia mara 16 bila kubaki kitu. Hiyo unaiamua siku ya kwanza unapopanga vyumba, si usiku wa mwisho.

Na programu haikukumbushi mwanya. Kwenye modeli paneli zinagusana kama karatasi. Saiti lazima uache nafasi, tuseme milimita 15. Paneli 16 zina mianya 15 katikati, jumla milimita 225. Kama umechora kila moja 1,400 kamili, ya mwisho inatokeza nje ya jengo kwa zaidi ya sentimita 22. Chora 1,385 ndani ya gridi ya 1,400, uishi kwa amani. Uzito nao: zege la mita 1.4 kwa 3, unene sentimita 8, ni kama kilo 800. Hata nusu ikiwa matundu bado ni kilo 400. Nani anaipandisha ghorofa ya tatu, na kwa kamba gani? Kama hakuna winchi, rudi kwenye tofali ndogo, si dhambi.

Najua jibu linalokuja: "hatujengi bwana, hii ni shule." Ndiyo maana hapa ndipo pa kubishania. Miaka michache mbele tutagonga mihuri, na mtu halisi atalala nyuma ya ukuta huo. Na wanaolilia umoja, umoja upo: fremu moja, moduli moja, rangi moja, kalibu ya nje moja. Kinachobadilika ni kilichomo ndani, kulingana na upande. Ndugu wa tumbo moja hawavai viatu saizi moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa juri ijayo ni dogo. Kila anayesimama na fasadi yake aulizwe kivuli cha saa kumi na moja jioni upande wa magharibi ni sentimita ngapi. Asiyejua, asisifiwe renda. Anayebisha aje na kikokotoo, niko meza ya dirishani, ile ya magharibi ambayo hakuna anayeitaka.

Haya, naenda kupanga foleni ya kuprinti. Tuonane wiki ijayo, umeme ukiwepo.