Siku Thelathini Hazimtoshi Mzazi

Tuseme ni mhudumu wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara ya Handeni kwenda Korogwe, na kwao ni Misima. Anafagia, anabadilisha mashuka, anawachemshia wageni maji ya kuoga, analipwa mkononi kila mwisho wa mwezi. Mkataba wa maandishi hana. Tumbo linapoanza kuonekana, mwenye nyumba hamfukuzi wala hamgombezi. Anamtumia ujumbe wa simu: “Pumzika kwanza mwanangu, ukishajifungua tutaongea.”

Majirani wakisikia watasema bosi ana utu. Mhudumu huyu ni wa kutunga, lakini ujumbe wa namna hiyo wengi wanaujua, na hapo ndipo sheria nzuri ya kazi inapoanza kumponyoka mwanamke.

Na sheria ni nzuri, tusiionee. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinataja moja moja sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kuzitumia kumbagua mtu: jinsia imo, ujauzito umo, hali ya ndoa imo, majukumu ya kifamilia yamo. Unyanyasaji unaotokana na sababu hizo nao unahesabiwa kuwa ubaguzi. Kifungu hicho kinamlinda hata anayeomba kazi, kwa hiyo binti anayenyimwa kazi kwa kuwa alijibu vibaya swali la “unategemea kuzaa lini?” ana pa kusimamia. Kifungu cha 37 kinakataa ujauzito kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Cha 36 kinakwenda mbali zaidi: mwajiri anayekataa kumpokea mfanyakazi aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, kisheria amemwachisha kazi, hata kama hakuandika herufi moja.

Halafu kuna suala la nani athibitishe. Katika madai mengi anayedai ndiye anayebeba mzigo huo hadi mwisho. Kwenye ubaguzi kazini, mfanyakazi akishaonyesha mambo ya awali yanayoelekeza kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ujumbe ule wa simu unatosha kuanzia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa. Kosa kubwa ni kuufuta kwa hasira, au kubadilisha simu bila kuuhifadhi.

“Lakini sina mkataba,” atasema mhudumu wetu, na jirani atamwambia basi huna kesi. Jirani amekosea. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anapangiwa saa za kazi, anapewa vitendea kazi, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni chache mno. Mhudumu wa nyumba ya wageni anazimaliza kabla wiki haijaisha. Tena kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Asipoweza kutoa maandishi hayo shauri linaposikilizwa, yeye ndiye anayetwishwa kazi ya kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kukosa karatasi ni tatizo la bosi kuliko la kibarua, ingawa mitaani tumezoea kuamini kinyume chake.

Miezi 6 nayo huwachanganya watu. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Waajiri wengine wanalijua hilo vizuri na hulitumia. Ila sharti hilo liko kwenye sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi tu. Kifungu cha 7 kiko sehemu nyingine na hakina miezi yoyote, kwa hiyo aliyetimuliwa mwezi wa 3 kwa sababu ya mimba anaweza kudai ubaguzi. Ni lazima tu ajue kuliandika dai lake kwa jina hilo.

Mashamba ya mkonge ya Korogwe yanastahili makala yao peke yao. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na tangu enzi za manamba, kazi ya kukata ilionekana kuwa ya mwanamume, huku palizi na kuanika nyuzi zikionekana ni kazi za kuwasaidia akina mama. Kifungu kilekile cha 7 kinamtaka mwajiri ahakikishe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa ujira sawa, Namba 100, mwaka 2002. Thamani sawa haimaanishi kazi ileile. Swali la nani amepima kwamba siku nzima ya kuinama juani kwenye palizi ina thamani ndogo kuliko siku ya panga linaweza kufikishwa kwenye vyombo vya kazi, na chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, ndicho chenye nguvu ya kulifikisha. Kibarua mmoja akilibeba peke yake, kesho nyapara hatamwita jina lake.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi wa zahanati ya serikali, njia ya kudai haki hizi ni nyingine kabisa. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma yanamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi, mwalimu kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu na wengine kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, ndipo atafute nafuu kwenye sheria za kazi. Anayekimbilia moja kwa moja kwenye usuluhishi wa kazi atarudishwa alikotoka, akiwa amepoteza nauli na muda.

Ni huo muda ninaoona ndio kiini cha shida. Migogoro ya sekta binafsi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Kanuni zake, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 64 la mwaka 2007, zinampa aliyeachishwa kazi siku 30 kufungua shauri, na siku 60 kwa migogoro mingine. Hakuna ada ya kufungua, na hilo ni jema. Anajaza Fomu Namba 1, anampa mwajiri nakala, anaonyesha uthibitisho kwamba amempa. Fomu yenyewe si ndefu. Inauliza majina, mahali, aina ya mgogoro, unachodai, na tarehe ambayo mgogoro ulianza.

Nafasi hiyo ndogo ya tarehe ndiyo inayowaangusha watu. Mhudumu wetu aandike tarehe gani? Siku ya ujumbe, au siku aliyorudi na mtoto mgongoni akaambiwa nafasi imeshajazwa? Akiandika siku ya ujumbe, miezi imepita na amechelewa. Akiandika siku aliyorudi, bosi atasema, “Wewe uliacha kazi mwenyewe mwezi wa 3, mimi nilikuonea huruma tu.” Na ile kinga ya kifungu cha 36 inazungumzia aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi kwa mujibu wa sheria, likizo inayoombwa kwa kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Yeye hakuomba chochote. Aliambiwa apumzike, akashukuru.

Kwa sababu hiyo nawashauri wanawake jambo ambalo linaonekana la utovu wa adabu: mkiambiwa kwa upole, jibuni kwa maandishi. “Asante bosi, naomba hii iwe likizo yangu ya uzazi, siku 84, nitarudi tarehe fulani.” Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, pamoja na cheti cha daktari, nakala ibaki kwako. Na ukiletewa karatasi ya “kuacha kazi kwa hiari” usitie saini siku hiyo. Mwambie utaisoma nyumbani. Nafuu ya kisheria ipo kwa aliyeachishwa. Aliyesaini kwamba ameacha mwenyewe anaanza kwa kuipinga saini yake.

Siku 30 zinapotelea wapi? Kwa kawaida mtu wa kijijini huanza kwa mtendaji wa kata, kwa kuwa ndiye serikali anayoijua. Mtendaji anamwita bosi, bosi ana safari, wiki inakwisha. Kisha baraza la kata, ambalo halina mamlaka juu ya masuala ya ajira. Kisha Dawati la Jinsia polisi, ambalo ni mahali sahihi ikiwa kuna shambulio la kingono, lakini halimrudishi mtu kazini. Aliyedaiwa ngono ili apewe kazi au asifukuzwe, mlango wake ni TAKUKURU, kwa kuwa kifungu cha 25 cha sheria yao ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa hiyo waziwazi. Namba ya bure ni 113. Lakini kwenda TAKUKURU hakusimamishi siku 30 za CMA. Hayo ni mashauri mawili yanayokwenda sambamba, na ni watu wachache wanaoambiwa hivyo mapema.

Kisha kuna safari yenyewe. Ofisi ya CMA ya mkoa iko Tanga mjini. Kutoka Misima ni Korogwe, Segera, Muheza, ndipo Tanga. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, na kwa mzazi kuna mtoto wa kunyonyesha njiani. Kwenda mara moja hakutoshi, kwani kuna siku ya kufungua, siku ya usuluhishi, na pengine siku kadhaa za uamuzi.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza mama aliyejifungua kufanya kazi ndani ya wiki 6, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Wiki 6 ni siku 42. Kwa hiyo sheria inasema mwili wake haujawa tayari hata kufagia vyumba, na wakati huohuo, akiachishwa kazi siku ya kujifungua, kanuni za CMA zinamtaka awe ameshapanda mabasi hadi Tanga na kujaza fomu siku 12 kabla ya hapo. Akichelewa anaruhusiwa kuomba aongezewe muda, lakini utaratibu wa vyombo vyetu ni kutaka mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa. Sijui mzazi wa uzao wa kwanza atalielezaje juma la pili la homa ya maziwa, siku kwa siku, kwenye hati ya kiapo.

Waajiri nao wana hoja, na si zote ni za kisingizio. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane hana idara ya utumishi. Akimlipa aliye likizo siku 84 na kumlipa anayeshika nafasi yake, faida ya msimu imekwisha. Mkiukaza zaidi ulinzi huu, wanasema, tutaajiri wavulana. Jibu la kisheria ni kwamba kukataa kumwajiri msichana kwa sababu hiyo ni ubaguzi uleule. Jibu hilo ni sahihi lakini halilipi mshahara wa mtu. La maana zaidi ni NSSF, ambayo ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Waajiri wadogo wengi huikwepa michango hiyo, kisha hulalamika kwamba uzazi wa mfanyakazi umewaangukia wao. Na tukiwa hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa baba siku 3 za likizo. Anayefanya kazi Dar es Salaam na mkewe yuko Misima, sehemu nzuri ya siku hizo inaishia kwenye basi. Mzigo wa malezi ukiwekwa kwa mwanamke peke yake kiasi hicho, mwajiri atauona usoni mwa kila binti anayeomba kazi.

Hoja yao ya pili, kwamba muda mfupi unasaidia pande zote kwa kuwa ushahidi haujapoa, naikubali kwa mtu aliyefukuzwa kwa wizi au utoro. Kwa mjamzito siikubali. Mwaka 2013 mahakama ya kazi ya Nairobi, mbele ya Jaji James Rika, ilimpa ushindi mwanamke aliyetajwa kwa herufi G.M.V. tu dhidi ya Bank of Africa Kenya, ikamtunukia shilingi milioni 3 za Kenya kwa kubaguliwa kwa sababu ya ujauzito. Mfanyakazi wa benki ana barua, ana tathmini za utendaji, ana wakili umbali wa mitaa miwili. Kwa mhudumu wetu muda unakwisha haraka kuliko anavyoweza kupata hata nakala moja.

Mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Kwa madai yanayohusu ujauzito na uzazi, siku zianze kuhesabiwa baada ya siku 84 za uzazi kwisha, au 100 kwa aliyejifungua mapacha. Wasuluhishi wa CMA wawe na siku zao maalumu za kusikiliza Korogwe na Handeni, zitangazwe kwenye mbao za kata. Na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wafundishwe Fomu Namba 1, kwa sababu sheria ya kazi inamruhusu mlalamikaji kuwakilishwa si na wakili au chama chake tu, bali hata na mtu yeyote aliyemchagua mwenyewe. Mdogo wa mzazi mwenye akili timamu anaweza kuipeleka fomu hiyo Tanga leo hii, mwenye shauri akiwa bado kitandani. Ukomo wa siku 30 haukuwekwa na Katiba wala na kifungu cha sheria ya Bunge. Uko kwenye kanuni, na kanuni hurekebishwa bila kungoja muswada.