Vipimo Safi, Maumivu Yangalipo

Msomaji, kichwa kinakugonga, kifua kinabana, tumbo linawaka moto mwezi wa sita sasa. Umetibiwa homa ya matumbo mara nne (kipimo cha Widal hudanganya sana) na hujapona. Maumivu hayo si ya kubuni. Wasiwasi hukaza misuli na kuupeleka moyo mbio. Unyogovu huzidisha uchungu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 14, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa asilimia 69 ya wagonjwa wenye unyogovu walimwendea daktari wakilalamikia mwili tu. Vipimo vifanywe, naam, lakini si vilevile kila mwezi. Mweleze daktari pia habari za kodi, kazi uliyopoteza, usingizi uliokutoroka. Akikupuuza, tafuta mwingine. Unyogovu una tiba.