Ushindani Uanzie Kwenye Mkataba

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilifungua mlango kwa wasambazaji wengine wa umeme nchini Kenya, na tangu hapo mjadala haujatoka kwenye swali la nani atawachukua wateja wa Kenya Power. Swali hilo limepewa uzito kupita kiasi. Msambazaji mpya, awe nani, atanunua umeme ule ule kutoka mitambo ile ile, kwa bei zilizofungwa kwa miaka 20 au zaidi.

Bei huamuliwa siku mkataba wa ununuzi unapotiwa saini. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ni ushahidi tosha. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuupeleka umeme Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Upepo ulivuma, umeme haukufika popote, na fidia ikadaiwa kwa sababu mkataba ulimtwika mnunuzi hasara ya kuchelewa kwa laini. Mradi wenyewe haukupitia mnada, kwa hiyo hakuna mshindani aliyepata nafasi ya kutaja bei nafuu.

Mzigo humfikia mteja wa mwisho. Anayenunua tokeni hukatwa gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni kabla hajapata uniti zake. Shilingi ikiporomoka mbele ya dola au euro, yeye ndiye hulipa, ingawa hakuketi mezani mkataba ulipojadiliwa. Mdhibiti wa nishati, ambaye leo ni EPRA, ndiye mwenye kalamu ya idhini, na hapo ndipo apimwe: akatae mkataba usiotokana na mnada, na kila anaoupitisha auchapishe wote, bei na fidia zikiwemo. Jopo la serikali lililoongozwa na John Ngumi mwaka 2021 lilisukuma mazungumzo upya ya mikataba ya zamani. Hatua hiyo ilihitajika, lakini mwekezaji aliyekwisha kusaini ana sheria upande wake.

Kati ya makala za toleo hili zinazogusa suala hili la mikataba, ile kuhusu Uganda isomwe kwanza. Inaifuata kampuni ya Umeme tangu ilipokabidhiwa usambazaji mwaka 2005, ikiwa na ahadi ya faida ya asilimia 20 kwa uwekezaji wake, hadi mkataba ulipokwisha Machi 2025 na mvutano wa fidia ukaanza. Makala ya mwisho inahusu umeme ambao Kenya hununua Ethiopia.