Gaza Isiwe Kibali cha Uzushi

BARAZANI na Salim wa Mkunazini

Kila mabomu yakishika kasi Gaza, baraza la Jaws Corner hapa Unguja hunywa kahawa na uchungu wake, na uchungu huo ni wa haki. Anayeilaani serikali ya Israel anasema jambo lenye mtendaji na tarehe. Lakini katikati ya uchungu huo hupenya sauti za WhatsApp zinazodai kwamba vita, bei ya mafuta na hata korona vimepangwa na Mayahudi katika kikao cha siri. Hapo tumeshatoka kwenye siasa, tumeingia kwenye uzushi.

Na uzushi wenyewe umechakaa. Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapa kile kilichodaiwa kuwa maandishi ya kikao hicho. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likayaweka kando ya kitabu cha Kifaransa cha 1864: aya kwa aya, yalikuwa yamenakiliwa. Kitabu chenyewe kilimsema Napoleon wa Tatu, wala hakikuwahusu Mayahudi. Uongo ukafichuka, lakini haukufa. Wanazi waliusambaza, na Mayahudi milioni 6 wakauawa.

Chuki hiyo ilifika hadi kwa jirani zetu. Septemba 1972 Idi Amin wa Uganda alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kusifu mauaji hayo. Mwezi mmoja kabla alikuwa amewapa Wahindi siku 90 waondoke, kwa lawama za unyonyaji. Kisha akaipiga marufuku dini ya Abayudaya wa Mbale, Waganda wanaofuata Torati tangu mwasisi wao Semei Kakungulu alipoishika mwaka 1919. Masinagogi yakafungwa. Watu hawa hawakuwa na benki wala jeshi. Walikuwa wakulima wa kahawa na ndizi.

Waunguja tunajua njia hii inaishia wapi. Zama za siasa, kabla ya uhuru, magazeti na majukwaa yalitufundisha kumwona jirani kuwa mgeni na mnyonyaji. Januari 1964, wakati wa Mapinduzi, watu wakauawa, mjini na shamba, kwa kosa la asili yao.

Sura ya Al-Maida inatutaka tuwe waadilifu hata kwa tunaowachukia. Basi sauti ikiingia kwenye simu, tuulize: nani katenda, lini, kwa ushahidi gani? Wa kulaumiwa kwa Gaza wana majina na vyeo. Bibi wa Kiyahudi anayekula urojo Forodhani hadaiwi chochote kwa niaba ya Netanyahu.